Ardhi Haina Vidole

Chumba chetu cha mazoezi kiko mwisho kabisa wa hospitali, baada ya maabara, baada ya stoo, ukishapita mahali pa kuanika mashuka. Wagonjwa wanaotumwa huko ni wale wasioweza kutembea vizuri. Sikuwahi kumjua aliyepanga hivyo, na sasa nimestaafu, sitamjua tena. Nawaandikia ninyi mliobaki humo, vijana wa tiba ya viungo, kwa sababu siku ya kuniaga mliniuliza kazi hii imenifundisha nini, nami nikajibu kwa haraka kwamba ni uvumilivu. Hilo lilikuwa jibu la kukatia keki. Jibu lenyewe ni refu, na linahusu wanawake wazee.

Naandika kwa Kiswahili changu cha shule maana baadhi yenu mmetoka mbali. Lakini mjue kwamba karibu kila neno lililosemwa humu lilisemwa kwa Ekegusii, na kwa Ekegusii lilikuwa na makali zaidi.

Nilifika Nyamira nikiwa msichana aliyetoka chuoni juzi, koti langu jeupe lingali na mikunjo ya dukani. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Nyambane, mwanamume mfupi mwenye mikono ya mkulima. Vifaa vyetu vilikuwa kitanda kimoja, vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea upya, mifuko ya mchanga aliyoishona mkewe, na kile kipimo cha pembe kinachofanana na rula mbili zilizofungwa pamoja. Niliingia na daftari jipya nikisubiri anieleze taratibu za idara. Alinipa ufagio.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa omong'ina, ndivyo tunavyomwita mwanamke mzee kwa heshima, na bega lake lilikuwa limeteguka. Alisema alianguka akitoka mtoni. Nikaanza kazi: inua, teremsha, inauma hapa, inauma pale? Bwana Nyambane akasogea, akamsalimia bila haraka, akaulizia ng'ombe, mvua na wajukuu, kisha akaukunja taratibu mkono wa sweta ya yule mama. Juu ya kiwiko, upande wa nje, kulikuwa na alama nne za rangi ya zambarau zilizojipanga kama ndugu. Upande wa ndani kulikuwa na moja, nene zaidi. Aliishusha sweta na kuniachia mgonjwa niendelee.

Baadaye, nje, karibu na mashuka, aliniambia, "Mwanangu, mtu akianguka, ardhi ndiyo inayomuumiza. Ardhi haina vidole."

"Sasa tufanye nini?"

"Kesho atarudi. Usianze na inauma wapi. Anza na ilikuwaje. Kisha nyamaza, umpe nafasi."

Hilo ndilo somo la kwanza, na mitihani yote niliyofanya baadaye haikuliongezea mengi. Mengine ya kuangalia ni haya. Anayeanguka hujikinga kwa kiganja, naye huvunjika karibu na kiganja, upande wa dole gumba. Anayepigwa huinua mkono kulinda kichwa, naye huvunjika katikati ya mkono, upande wa kidole cha mwisho. Mfupa hauna sababu ya kumficha mtu wa nyumbani. Mwenye mfupa ndiye mwenye sababu.

Nilipoanza nilitarajia majambazi. Miaka ilivyokwenda nikaona kwamba aliyemuumiza mwanamke mzee, mara nyingi mno, alikuwa mtu anayemjua mbwa wa boma lile kwa jina. Mpwa, mjukuu, kijana wa jirani aliyelewa. Wakati huohuo nikawa naona jambo jingine ambalo hawakunifundisha chuoni. Tunapopima nguvu za kiganja, tunampa mgonjwa kidude cha kufinya. Wanawake waliochuma majani chai tangu usichana wao, wenye migongo iliyopinda na magoti yanayolia, walikifinya kile kidude mpaka nikadhani kimeharibika. Nilikipeleka kwa fundi. Fundi alisema kiko sawa. Nguvu zilikuwemo, tena za kutisha. Ila wenyewe walizijua kwa kuchuma na kulima tu.

Bwana Nyambane alipostaafu nilibaki peke yangu katika chumba kile, na ndipo Kwamboka alipoletwa.

Alikuwa mjane mdogo wa umbo, mwenye macho yasiyotulia mahali pamoja, na mkono wake ulikuwa umevunjika katikati, upande wa kidole cha mwisho. Plasta ilikuwa imetolewa asubuhi hiyo. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Nilianguka."

Nikanyamaza. Nje mtu alikuwa anakung'uta mashuka.

"Ni mtoto wa shemeji yangu," akasema hatimaye. "Anataka kipande changu cha majani chai. Anasema mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamlindia nani shamba."

Mume wake alikuwa amekufa zamani. Mtoto wake mmoja, binti, alikuwa ameolewa Nyansiongo. Nilimwomba ruhusa nikaongozana naye mpaka polisi, kwenye dawati la jinsia. Yule mpwa akaitwa, akaonywa, akaapa kwa jina la Mungu kwamba hatarudia, akaenda zake. Kwamboka akaendelea kuja kliniki. Mkono ukanyooka vizuri, kazi ya kujivunia. Siku niliyomwambia kwamba amepona na hana haja ya kurudi, hakuinuka kwenye benchi.

"Daktari," akasema. Mimi si daktari, lakini niliacha kuwasahihisha mapema. "Mkono umepona. Nikirudi nyumbani atauvunja tena. Una mazoezi ya hilo?"

Nilifungua tena kadi yake, kana kwamba yameandikwa humo.

"Mimi ninayo," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa Bosibori. Mnamkumbuka ninyi mliomkuta: mrefu, kichwa juu, mkoba ukiwa mapajani kama faili la kesi. Alikuwa ameajiriwa maisha yake yote kama askari jela katika gereza la wanawake, na sasa alikuja kwetu kwa sababu ya goti lililochoka kusimama kwenye saruji. Lile goti likiwa bado limefungwa kitambaa cha moto, alimwambia Kwamboka, "Nishike mkono. Kwa nguvu. Kama anavyokushika yeye." Kwamboka akamshika. Sikuona kilichotokea. Niliona tu mkono wa Bosibori umetoka na Kwamboka anakitazama kiganja chake kitupu.

"Tena," akasema Kwamboka.

Hivyo ndivyo darasa lilivyoanza. Tulikutana Jumapili alasiri katika uwanja wa kanisa la Kisabato kule kijijini kwa Kwamboka, nyuma ya Magwagwa, kijiji ambacho sitakitaja. Wasabato walikuwa wameshamaliza ibada yao jana yake, na Wakatoliki walikuwa wametoka misa, kwa hiyo hapakuwa na wa kulalamika. Isipokuwa mzee mmoja wa kanisa, aliyekuja akasimama pembeni na kofia mkononi.

"Akina mama, nasikia mnawafundisha nyanya zetu karate."

"Tunawafundisha kwenda nyumbani salama," Bosibori akamjibu. "Mama yako yupo hai?"

"Yupo."

"Mbona hukumleta?"

Jumapili iliyofuata alimleta.

Nawaandikia tulichofundisha, maana mtaulizwa. Anayekushika mkono ana vidole vinne upande mmoja na dole gumba peke yake upande wa pili. Usivute kurudi nyuma, hapo ndipo penye nguvu zake. Msogelee, zungusha mkono kuelekea lile dole gumba, halafu chomoa ghafla, kama mwiko kwenye ugali mgumu. Fimbo usiirushe kama unafukuza ng'ombe, kijana ataidaka. Ishike kwa mikono miwili, usukume ncha kwenye tumbo au kwenye muundi wa mguu, kisha uondoke. "Hatutafuti ushindi," Bosibori alisema kila mara. "Tunatafuta njia." Mimi niliongeza ya kwangu: urefu wa fimbo unaomfaa mwenye nayo, na namna ya kuinuka ukiangushwa, kwa kulala ubavu, kuja magotini, kutafuta cha kushika. Nyumbani, komeo liwe chini, mahali ambapo bega bovu linafika, na nyumba iwe na mlango wa pili. Asubuhi, kila mmoja atazame jikoni kwa mwenzake. Moshi usipoonekana mpaka ng'ombe wamekamuliwa, nenda ukamwangalie.

Somo gumu kuliko yote lilikuwa kupiga kelele. Wanawake hawa walilelewa kunyamaza. Waliambiwa wapige kamsa, wakatoa sauti za kuombea chumvi kwa jirani. Mmoja alisema, "Samahani," kabla ya kuanza. Bosibori alitembea mbele yao na kurudi. Alipofika kwa Kwamboka alisimama tu. Kwamboka akafumba macho, akavuta pumzi, na kile kilichotoka katika kifua kile kidogo siwezi kukiandika. Ndege waliondoka kwenye mikaratusi. Ng'ombe waliokuwa wanakula majani upande wa pili wa bonde waliinua vichwa. Alipofumbua macho alionekana kuwa na hofu kidogo, kama mtu aliyeishi na mgeni miaka yote bila kujua. Nikafikiri, hii sauti ilikuwa wapi?

Kulikuwa na jambo moja zaidi, alilolitoa Bosibori gerezani. Alisema wafungwa wakijaa uani wakiwa na hasira, usizungumze nao wote. Chagua mmoja, umwite kwa jina, halafu mwingine. "Kundi halina masikio," alisema. "Mtu mmoja anayo."

Sasa nieleze kuhusu ile Jumapili.

Mtoto mmoja pale kijijini aliugua homa ya ghafla akafariki, na kabla hajazikwa neno lilikuwa limeanza kutembea: omorogi. Mchawi. Kwetu neno hili likishatamkwa juu ya mwanamke mzee anayeishi peke yake, halidai ushahidi. Aliyelitamka kwanza alikuwa hajajulikana bado, ingawa mimi nilikuwa na mtu wangu akilini, na ninyi pia mnaye.

Tulikuwa tumeshaanza darasa. Kwamboka hakuwepo, na tulidhani yuko kwenye matanga. Ndipo tulipoisikia ile sauti kutoka upande wa juu. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Bosibori alikuwa tayari na simu sikioni akiongea na naibu wa chifu, akimwambia waje na polisi na waje sasa hivi, huku akitembea. Wengine wote walikuwa wameshaondoka. Sijawahi kuona kitu kama kile na sitegemei kukiona tena: magoti niliyoyatibu, nyonga nilizozitibu, wanawake ambao kwenye kliniki yangu hushika ukuta kwenda chooni, wanapanda mlima kwa fimbo bila mmoja kusimama kupumua. Mimi niliyekuwa kijana kwao nilifika nikiwa wa mwisho.

Uani kulikuwa na vijana na watu wazima wengi kuliko nilivyotaka kuona. Mmoja wao, kijana anayeitwa Ombati, alikuwa na jerikeni, na harufu ya petroli ilitufikia kabla hatujapita ua. Yule mpwa alikuwa nyuma kabisa, mikono mfukoni, kama mtu aliyepita tu. Na Kwamboka alikuwa nje. Hakujifungia ndani ya nyumba ya kuchomwa. Alikuwa ametoka kwa mlango wa pili, akaegemea ukuta wa mawe wa zizi ili asijiwe kwa nyuma, fimbo ameishika kwa mikono miwili, na alikuwa anawaita.

"Omwenga! Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni siku mama yako alipolazwa. Nitazame. Momanyi! Baba yako alikula kwangu mwaka wa njaa. Unaniangaliaje?"

Walikuwa wamesimama. Hawakurudi nyuma, lakini hawakusogea. Kila aliyeitwa alitazama chini.

Wanawake wa darasa la Jumapili hawakusimama. Walipita katikati ya wale watu, kama wanavyopita katikati ya mistari ya majani chai, wakajipanga kulia na kushoto kwake. Kisha nao wakaanza kuita. Kila mmoja alichagua uso. Majina yalitoka kwa sauti kubwa, moja baada ya jingine, jina la mtu na jina la mama yake, na nani alimpokea alipozaliwa. Niliona kundi linafunguka mbele ya macho yangu, likawa watu.

Ombati peke yake alibaki na jerikeni lake. Mbele yake alisimama Nyanchama, mmoja wa wanawake wetu, mama wa baba yake.

"Magokoro, toka hapo," akasema. Nyanya, yaani. Sauti yake ilikuwa ya juu, ya mtoto.

"Sitoki."

"Magokoro, umeambiwa alichofanya huyu mtu?"

"Nimeambiwa. Na wewe umeambiwa. Nani ameona?"

Ombati alilihamishia jerikeni mkono wa pili.

"Kama ni kumwaga, anza na mimi," Nyanchama akasema. "Mimi pia ni mzee, naishi peke yangu, na nina paka."

Nawaambia ukweli, sikujua Ombati atafanya nini. Jerikeni lilikuwa limeinama na petroli ilikuwa inamwagikia kiatu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na elimu yangu yote nikikitazama kile kiatu. Kisha aliliweka jerikeni chini, polepole sana, akafunga kifuniko, akachuchumaa papo hapo akalia. Nyuma yake watu walianza kukumbuka shughuli zao. Mmoja alisema kwa sauti kwamba ana ndama hajafungwa. Naibu wa chifu na polisi walipofika walimkuta yule mpwa anapita kwenye ua kwa njia isiyo njia. Wale vijana wenyewe ndio waliomtaja kuwa ndiye aliyeanzisha lile neno, tena kabla hawajaulizwa.

Nilimwendea Kwamboka. Alikuwa angali kwenye ule ukuta.

"Mama, yameisha. Nipe fimbo."

"Chukua," akasema.

Lakini mkono haukufunguka. Alikuwa anajaribu, nami nilikuwa naona anajaribu, na vidole havikumsikia. Ikabidi niketi naye chini, nikavifungua kimoja kimoja, kwa mafuta ya kupikia aliyoleta Bosibori kutoka jikoni, kama ninavyofungua mikono ya waliopooza. Ilichukua muda. Nimeshika mikono mingi katika kazi yangu, mikono ya wachonga mawe na ya wapasua mbao. Sijashika mkono kama ule.

Kesi ilikwenda mahakamani na yule mpwa akafungwa. Wengine waliahidi amani mbele ya wazee na wazazi wa yule mtoto marehemu, na mama wa mtoto mwenyewe alikuja kwa Kwamboka, wakakaa jikoni siku nzima, na walichoongea hakuna anayekijua. Kwamboka alikaa kwa binti yake Nyansiongo mpaka msimu mmoja ukapita. Binti hakutaka arudi. Mimi pia sikutaka, na nilimwambia. Alinisikiliza kwa adabu, akarudi. Aliishi pale, akachuma majani chai yake, akapika kwa moshi mwingi, na kila Jumapili alikuwa mbele ya mstari akiwafundisha wageni kupiga kelele.

Msidhani kila boma limekuwa hivyo. Bado mtaletewa mikono iliyovunjika katikati, na wengine hawatawaambia kitu hata mkinyamaza mwaka mzima. Wapo niliowapoteza. Lakini mkianza kuwaonea huruma tu, mtakuwa mmekosea kipimo.

Kwamboka alifariki mwaka huu, muda mfupi kabla sijastaafu. Tabibu kijana aliniuliza, kwa kuwa nilimjua, kilichomuua ni nini. Nilimwambia ni uzee. Alifikiri nafanya mzaha. Nikamwambia aandike hivyohivyo, kwa sababu kuna siku ambayo jambo hilo halikuwa na uhakika hata kidogo: kwamba mwanamke huyu angekufa kwa uzee, kitandani kwake, mchana, binti yake akiwa amemshika mkono.

Alizikwa bomani kwake, kando ya mumewe. Kwetu jeneza hubebwa na wanaume, na wanaume walikuwa wamejipanga mlangoni. Wanawake wa Jumapili wakainuka kwenye viti vyao kabla wimbo haujaisha, wakaenda wakasimama mbele yao. Mchungaji akamtazama Bosibori. Bosibori akamtazama mchungaji. Wanaume wakapisha.

Si mbali kutoka mlangoni hadi kaburini. Walimbeba mabegani, polepole, bila kuimba, na watu wa kilima kile chote wakavua kofia. Mbele, upande wa kulia, alikuwa Nyanchama. Bega lile nalijua. Mimi mwenyewe nililipima, na kwenye kadi yake, kwa mwandiko wangu, nimeandika kwamba haliwezi kubeba mzigo.